Sauti na Kalenda: Hotuba kwa Waimbaji Vijana wa Opera

Walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, nanyi vijana mnaotaka kula kwa kuimba: ahsanteni kwa kunipa nafasi. Sifa za muziki mmezisikia za kutosha, kwa hiyo nitazipita. Nina jambo moja tu la kusema. Kijana mwenye sauti nzuri akianguka katika kazi hii, mara nyingi kilichomwangusha ni kalenda. Aliimba kitu kizuri miaka kumi kabla ya wakati wake, au alijaza wiki ambayo koo lilikuwa linadai mapumziko, au alisaini tarehe ambayo nyumbani ilikuwa imeshashikwa. Ndiyo maana leo nitataja tarehe nyingi kuliko noti.

Tuanze na koo, kwa sababu ndilo linalopanga ratiba hata pale meneja anapodhani anapanga yeye. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili laini ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni. Kwa mwanamke mzima ina urefu wa milimita 12 hadi 17 hivi. Kwa mwanamume, 17 hadi 25. Mwimbaji wa tena, yaani sauti ya juu ya kiume, anapoishika noti ya C ya juu, ile ambayo ukumbi mzima umeisubiri, mikunjo hiyo inakutana na kuachana zaidi ya mara 500 kwa sekunde. Soprano, sauti ya juu ya kike, akiishika ya kwake, inapita mara 1,000. Na hakuna kipaza sauti. Chini yake, kwenye shimo lililo mbele ya jukwaa, wamekaa wapiga ala 60 au 80. Ng'ambo ya shimo kuna ukumbi, ambao pale Metropolitan Opera mjini New York una viti karibu 3,800.

Sasa anasikikaje? Nguvu kubwa ya okestra iko karibu na hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde), kisha inapungua kadiri unavyopanda. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume au mwanamke wa sauti nzito, hukusanya mlio wake kati ya hezi 2,800 na 3,200. Hapo okestra imedhoofika, na sikio la binadamu ni kali mno. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alilipima jambo hili na kulieleza miaka ya 1970. Soprano akiwa juu kabisa hutumia njia nyingine: hushusha taya kidogo kidogo ili mwangwi wa kinywa uifuate noti yenyewe. Asiyejua haya husukuma. Sauti ya kusukuma inajaza chumba cha mazoezi mpaka vioo vinatetemeka, halafu haifiki safu ya thelathini. Mwalimu anayekufundisha kwenye chumba kidogo tu, asikupeleke hata mara moja kwenye ukumbi mkubwa na kwenda kusimama nyuma kabisa, anakufundisha nusu ya kazi.

Ujuzi huo unakuja pamoja na umri, na hapa ndipo kalenda inapoanza ukorofi wake. Soprano mwepesi na mwimbaji mwepesi wa tena wanaweza kuwa tayari kwa kazi wakiwa na miaka 24 au 25. Baritoni wengi, wenye sauti ya kati ya kiume, husogea mpaka karibu 30. Besi, na zile sauti nzito za opera za watunzi Verdi na Wagner, huanza kutulia baada ya 35. Sasa angalieni milango ya kuingilia. Operalia, shindano lililoanzishwa na Plácido Domingo mwaka 1993, hupokea waimbaji wa miaka 18 hadi 32. Shindano la Metropolitan kwa miaka mingi limekuwa la miaka 20 hadi 30. Programu za vijana kwenye majumba makubwa ya opera nazo zina kikomo cha aina hiyo. Kwa hiyo mwenye sauti nzito mlango unamfungia kabla sauti haijafunguka, naye akiona saa inakwenda anashawishika kubeba mbele ya jopo aria, yaani wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera, ya mtu wa miaka 40.

Msifanye hivyo. Mwanamke wa miaka 25 mwenye dalili za kuwa siku moja Tosca, yule mhusika mzito wa Puccini, aende na Mozart, na Händel, na Micaëla wa kwenye Carmen. Jopo lina watu waliosikia maelfu ya sauti. Wanajua kusikia kitakachokuja. Wakisikia Tosca wa miaka 25 wanachosikia ni hesabu: miaka mingapi imebaki kabla ya kuharibika.

Wengi wenu mmetoka kwenye kwaya, na kwaya ina sauti nne basi. Opera inagawa zaidi ya hapo, na majumba ya Kijerumani yanagawa kuliko wote: soprano mwepesi wa kuchekesha, soprano wa mapambo ya haraka, soprano wa kati, soprano mzito, na kila kundi lina orodha ya wahusika wake. Mgawanyo huo una kero zake, lakini kundi ni kinga pia. Ukiajiriwa kama soprano mwepesi, meneja akikuletea kitu kizito una pa kuelekeza kidole kwenye mkataba. Asiyetaja kundi lake hupewa chochote kilichokosa mtu.

Nije kwenye kujifunza mhusika. Chukueni Susanna wa Le nozze di Figaro, opera ya Mozart. Ni miongoni mwa wahusika warefu kuliko wote kwa soprano: opera inakwenda kama saa tatu za muziki, naye yuko jukwaani sehemu kubwa ya muda huo. Baada ya kukimbia, kujificha, kuimba na kila mtu, anafika tendo la nne, sehemu ya mwisho ya opera, ndipo anapoimba aria yake kubwa, peke yake, polepole, na inashuka hadi A iliyo chini ya C ya kati. Aliyetumia mafuta yake yote kwenye nyimbo za makundi za tendo la pili hana cha kushukia. Ndiyo maana mtu anayemwandaa Susanna kwa mara ya kwanza atenge miezi minne hadi sita, na aanze na maneno kabla ya noti.

Hatua ni hizi, na mpangilio wake una sababu. Tafsiri kila neno, lako na la wenzako, uandike kwa penseli juu ya neno lenyewe. Muhtasari wa sentensi hautoshi, kwa kuwa muziki umekaa juu ya neno fulani na lazima ujue ni lipi. Soma maandishi kwa sauti kama mwigizaji. Kisha yaseme kwa mapigo, bila noti. Halafu noti, kwa irabu tupu. Mwisho unganisha. Anayeanza na noti na maneno pamoja huipa misuli makosa, na misuli haisahau. Atayasahihisha kwenye mazoezi, lakini siku ya kwanza ya hofu yatarudi yote.

Kwa lugha, sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati na tuna mtego. Bahati ni irabu: tano safi, hazitelezi. Walimu wa Kiitalia wanazipenda. Mtego wa kwanza ni kwamba Kiitalia kina e mbili na o mbili, ya wazi na ya kufumba. Wa pili ni konsonanti maradufu, ambazo sisi huzipita mbio. Kwa Kiitalia anno ni mwaka. Ukisema ano, umetaja tundu la haja kubwa, tena mbele ya watu elfu mbili. Wa tatu ni Kijerumani: neno kama Nacht linaishia na konsonanti mbili, na ulimi wetu unatamani kuongeza irabu ndogo mwishoni. Hiyo irabu ndogo husikika mpaka ghorofa ya juu.

Usaili, sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo vijana wanapopoteza kazi kwa mambo yasiyohusiana na sauti. Kwa kawaida unabeba aria tano, za lugha tatu au nne, zenye mwendo tofauti. Ya kwanza unaichagua wewe. Ya pili, wakitaka, wanaichagua wao. Una dakika nane hadi kumi. Aria ya kwanza iwe ile unayoweza kuiimba saa 4 asubuhi baada ya usiku mbaya wa safari, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyokuwa. Wala usiweke kwenye orodha aria ambayo unaomba Mungu wasiiulize. Wataiuliza hiyo hiyo.

Mle ndani kuna mpiga piano usiyemjua, na huyo ndiye pekee aliyeko upande wako. Mtendee haki. Karatasi ziwe kwenye faili la pete, zimechapwa pande mbili ili asigeuze kila baada ya sekunde 20. Plastiki zinazong'aa hapana, taa hupiga pale asione kitu. Kagua ukingo wa chini wa kila ukurasa: mashine ya fotokopi hupenda kukata mstari wa mwisho, ambao ni mkono wa kushoto, yaani msingi wote unaousimamia. Sehemu unazoruka zipigwe msalaba mzima kwa kalamu, na mshale wa kwenda unapoanzia tena. "Tutaruka kidogo hapa katikati" halitoshi. Mwendo usimpigie kwa vidole. Mwimbie taratibu vipimo viwili sikioni pake, ataelewa mara moja. Na wakisema "ahsante" baada ya aria moja tu, usiondoke umelia. Pengine nafasi ya sauti yako ilishajazwa mwezi uliopita.

Ukipata kazi, mazoezi ya opera mpya huchukua wiki tatu hadi sita, na unatakiwa kufika siku ya kwanza umekariri. Mnaanza na piano na kondakta (mwongoza muziki, si yule wa basi, huyu haondoki bila ninyi), mnaingia kwenye mazoezi ya jukwaa na mwongozaji, halafu linakuja zoezi la kukaa na kuimba na okestra bila kuigiza, kisha kila kitu pamoja. Majumba ya Ujerumani kwa desturi hufanya mazoezi asubuhi, kuanzia saa 4, na tena jioni kuanzia saa 12. Mchana ni wako, lakini ni mchana usiofaa kitu: mfupi mno kwa safari, mrefu mno kwa kukaa tu. Wenye ndoa huko wanaujua vizuri.

Hakuna anayeimba kwa sauti kamili saa sita kwa siku, siku sita kwa wiki. Unaimba kwa nusu sauti, noti za juu unazishusha oktava moja. Na huu ni ufundi wa kufundishwa. Kijana akiambiwa aimbe kidogo huanza kupumua hewa tupu bila kuishika kwa misuli ya tumbo, na jioni amechoka kuliko angeimba kweli. Mwambieni kondakta mapema, kwa adabu, kwamba leo mnaimba nusu. Hakuna kondakta mwenye akili atakayekataa, ila wapo watakaokunja uso.

Jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: okestra nyingi za Ujerumani na Austria husawazisha noti yao ya A kwenye hezi 443 badala ya 440. Ni kama sehemu ya nane ya nusu toni. Haisikiki kwenye wimbo mfupi. Kwenye saa ya tatu ya opera, kwa mwimbaji wa tena aliyejifunza kwenye piano ya 440, inasikika kooni.

Pesa. Ajira za kudumu zipo, hasa Ujerumani, ambako majumba takriban 80 hutegemea fedha za umma na mengi yana kundi la waimbaji wa mshahara wa mwezi. Huko mtego ni tarehe: barua ya kutoongezewa mkataba kwa desturi hufika kabla ya 31 Oktoba, kwa msimu unaoishia kiangazi kinachofuata. Kwa hiyo Septemba ni mwezi wa kumwona mkurugenzi na kumuuliza waziwazi mna mpango gani nami.

Asiye na ajira hulipwa kwa usiku anaoimba. Lisikilizeni vizuri hilo. Wiki sita za mazoezi, mara nyingi hulipwi au hulipwa kidogo. Pesa huanza usiku wa ufunguzi, na ukiugua usiku huo hakuna. Ukianza mazoezi mwezi wa kwanza, fedha ya maana huenda ikaingia mwezi wa tatu, ilhali kodi ya vyumba viwili, cha nyumbani na cha mji wa kazi, haikusubiri. Toa asilimia 10 ya wakala, na wengine huchukua zaidi. Toa kodi ya msanii mgeni, inayokatwa kabla hujaiona pesa: Marekani asilimia 30, Uingereza 20, Ujerumani 15 pamoja na nyongeza ndogo juu yake. Dai cheti cha kila makato siku hiyo hiyo. Bila cheti huwezi kuomba nafuu nyumbani, na ofisi ya uhasibu ya jumba uliloimba miaka miwili iliyopita haina haraka ya kukutafutia.

Wenye pasi zinazohitaji viza wahesabu pia siku. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, linatoa siku 90 ndani ya kila siku 180 kwa mgeni wa muda mfupi. Safari tatu za usaili za wiki mbili mbili zinakula 42. Hapo kazi ya wiki saba haiingii tena bila kibali cha aina nyingine, na vibali huchukua miezi.

Nije nyumbani. Onyesho linaisha saa 4 na nusu usiku. Mwili umewaka, usingizi hauji mpaka saa 8. Njaa imekushika kwa sababu hukula tangu saa 10 jioni, basi unakula sana, unalala tumbo likiwa limejaa, asidi inapanda usiku kucha na kulamba nyuma ya zoloto. Asubuhi umepwelewa na sauti, unasema ni mafua. Siyo mafua. Mlo mkubwa uwe saa 9 alasiri, usiku ule kidogo, upite muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe sentimita 15. Inueni miguu ya kitanda chenyewe, ile ya upande wa kichwani. Mito mingi inakunja tumbo na kuongeza tatizo.

Na ile sherehe baada ya ufunguzi? Kwenye chumba chenye kelele kila mtu hupandisha sauti bila kujua. Saa moja ya kuzungumza hivyo inaweza kuumiza nyuzi kuliko tendo zima la Puccini. Kaa dakika 20, piga picha, nenda. Atakayekuita una maringo atakusamehe ukimwimbia vizuri usiku wa pili.

Maji unayokunywa hayagusi nyuzi za sauti, yangezigusa ungepaliwa. Yanapita mwilini kwanza, kwa hiyo glasi unayogugumia ukingojea kuingia jukwaani inasaidia mdomo tu. Kunywa tangu asubuhi. Mvuke ndio unaofika pale penyewe: jifukize dakika kumi, bila mafuta ya kuwasha. Kunong'ona kusidhaniwe ni kupumzika, kwa watu wengi kunakaza koo. Kukohoza koo kila mara ni kuzigonganisha nyuzi. Kwa sauti iliyochoka, chukua mrija, uzamishe sentimita mbili au tatu ndani ya glasi ya maji, upulize huku ukiimba "u" laini kwa dakika tatu hadi tano. Hewa inayorudi nyuma inazifanya nyuzi zigongane kwa upole.

Kamwoneni daktari wa koo mkiwa wazima, apige picha ya nyuzi zikitikisika, mwiweke. Siku mkiugua awe na cha kulinganisha. Sauti ikikatika ghafla katikati ya noti kubwa, huenda mshipa umevuja damu: nyamazeni kabisa, na aspirini na ibuprofeni ziachwe mpaka daktari aseme. Steroidi hushusha uvimbe ili uimbe usiku mmoja, lakini jeraha linabaki pale pale, sasa halikuumi. Upasuaji nao si mwisho wa dunia. Rolando Villazón, mwimbaji wa tena mzaliwa wa Mexico, alitolewa uvimbe kwenye nyuzi mwaka 2009, na mwaka uliofuata alirudi jukwaani.

Wapenzi, wake na waume: wapeni kalenda nzima, pamoja na siku za ukimya. Siku moja kabla ya onyesho mtu wako hatapokea simu, ataandika ujumbe. Asipoelezwa mapema ataona amepuuzwa, na atakuwa na haki. Majumba makubwa husainisha miaka miwili hadi mitano mbele, kwa hiyo harusi za ndugu zitagongana na mikataba. Tajeni tarehe za familia wakati wa kusaini, ndipo zinapoweza kuandikwa. Wanawake, mimba hubadilisha mahali pa kushikia pumzi, na baada ya kujifungua misuli ya tumbo hurudi kwa kasi yake, si ya wakala. Mwambieni wakala mapema kuliko mnavyotaka.

Itakuja siku simu italia saa 5 asubuhi: soprano wa mji mwingine ameugua, unaweza kuimba leo usiku? Ndivyo milango mingine hufunguka. Pretty Yende wa Afrika Kusini aliingia Metropolitan mwaka 2013 kwa kuziba nafasi iliyoachwa wazi, akajikwaa alipokuwa anaingia jukwaani, akainuka, akaimba. Kabla ya kusema ndiyo, ulizeni haya. Ni toleo gani la nota, na nini kimekatwa? Wanaimba kwa lugha ya asili au tafsiri? Nitaigiza, au nitasimama pembeni na nota huku msaidizi wa mwongozaji akiigiza? Onyesho linaanza saa ngapi, na treni ya mwisho itakayonifikisha ni ipi? Malipo kiasi gani, nauli juu ya nani, na yaandikwe kwenye barua pepe kabla sijatoka nyumbani. Kisha jiulizeni wenyewe lini mara ya mwisho mlimwimba mhusika huyo mwanzo hadi mwisho, kwa sauti kamili. Ikiwa imepita miezi sita, jibuni hapana, na mtaje jina la mwenzenu anayeweza. Ikiwa ni mwezi uliopita, pakieni viatu, faili la nota na chupa ya maji, na kwenye treni msizungumze na mtu.